Kasuku wa Tabata

Juu ya tangi la maji la Mama Mkunde,
lita elfu tano, bluu iliyopauka,
tumefunga antena kwa waya wa kuanikia nguo.
Chini yake, ndani ya kopo la rangi lililotobolewa matundu,
ipo kompyuta ndogo kama kiberiti
na feni niliyoing'oa kwenye laptopu iliyofia mikononi mwangu
Mtaa wa Aggrey, mwenyewe akakataa kuja kuichukua.

Hiyo ndiyo ripita yetu.
Msicheke. Mama Mkunde amekwisha cheka kwa niaba yenu.

"Mnaongea na nani huko juu?"
anauliza, beseni la nguo kiunoni.
"Kwa leo, mama," anajibu Chiku, "na kasuku."

Kasuku ni namba. Unaichagua, unabonyeza, unasema,
unaachia, na baada ya sekunde tatu
sauti yako mwenyewe inarudi kukusalimu.
Nilisema: moja, mbili, tatu, hapa Tabata.
Akarudi mtu aliyetumbukia kwenye pipa,
ana mafua, na ana lafudhi ya mama yangu wa Korogwe
ambayo miaka yote nilidhani niliiacha stendi.

Usiku wa kumi na saba, bado kasuku.
Bando lilikata katikati ya "tatu".
Luku ikalia, tukachangishana elfu mbili mbili.
Msimbo wa rangi tuliweka saba, redio zikataka moja,
na kwa tarakimu hiyo zikateketea siku nne za maisha yetu.

Chiku hufundisha umeme wa magari Chang'ombe,
hawezi kuacha jambo bila kulifundisha.
"Masafa ni yale yale," anasema, "wasemaji wawili.
Muda unakatwa vipande, vifupi kuliko kope inavyopepesa:
changu, chake, changu, chake,
kama wapangaji wawili wenye bafu moja
wanaopokezana kwa kasi
hata hakuna anayemkuta mwenzake na taulo."

Naelewa.
Lakini naikosa mikwaruzo.

Kwenye redio ya zamani mtu akienda mbali
ulimsikia akienda.
Nassoro alipohama, mke wake kapata kazi Mpanda,
alishika kipaza sauti njia nzima:
Kibaha bado mzima,
Mlandizi ana mchanga kooni,
Ruvu ni pumzi tu, na neno moja lililosalia,
sijui lilikuwa "bwana" au "mwana".
Hii mpya haijui kuaga.
Yupo, yupo, yupo,

Yeye ndiye aliyenifunza: usidandie maneno ya mwenzio.
Akiachia, hesabu mbili kabla hujabonyeza,
huenda yupo wa tatu, betri yake ndogo,
anatafuta mlango.

Usiku wa kumi na nane nikasema: moja, mbili, tatu, hapa Tabata.
Nikaachia. Sekunde tatu.
Kasuku kimya.
Likaja kohozi kwanza, halafu jogoo aliyekosea saa,
halafu mwanamke:
"Hapa Njombe. Wewe wa Tabata,
wiki nzima unahesabu. Nne huijui?"

Koleo likamponyoka Chiku, likagonga tangi, likalia kama kengele ya shule.
Kumbe ile nafasi ya pili, aliyoapa kuwa ameifunga,
ilikuwa wazi siku zote,
na hesabu yangu ya kitoto ilikuwa inamwagikia Njombe.

Nilikuwa na mengi ya kusema.
Nilikuwa nimeandika hata hotuba, nyuma ya risiti ya solda.
Nikabonyeza.
"Nne," nikasema,
nikaachia.

Feni inazunguka koponi.
Maji ya mgao yanaanza kupanda bombani, yanagugumia,
na huko chini Mama Mkunde anaita watu walete ndoo.
Moja.
Mbili.
Bado sijabonyeza.